Kishikwambi cha sensa mikononi mwa mwalimu: kipi cha kazi, kipi cha kupumzika?

Swali: *Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kigoma. Nafundisha Hisabati na Sayansi, na ni mwalimu wa darasa wa Darasa la Saba lenye wanafunzi 87. Nina kishikwambi tulichogawiwa baada ya Sensa, lakini ukweli ni kwamba mpaka leo nakitumia kwa WhatsApp tu. Kijijini mtandao unashika kwa kuvizia, bando ni ghali na umeme wetu ni wa sola. Nikienda mjini mwisho wa mwezi ndipo napata mtandao wa maana. Nitajie programu zitakazonisaidia kazini, na chache za kupumzisha akili jioni. Naimba kwaya parokiani, napenda kusoma na kusikiliza redio. Pia wenzangu wananishawishi niweke programu ya mikopo. Unasemaje?*

Jibu: Mwalimu, salamu nyingi, na hongera kwa kulibeba darasa hilo.

Ningeambiwa nikuwekee programu moja tu kwenye kishikwambi chako, ningekuwekea ya majedwali, yaani Google Sheets au Excel. Najua walimu wengi wakiuliza swali hili hutarajia nitaje programu za video za sayansi au za maswali yenye muziki. Hizo zipo na nitazifikia. Lakini mwalimu wa darasa la mtihani hachoshwi na kukosa video. Anachoshwa na kujumlisha alama za watoto 87 katika masomo sita kwa taa ya sola, kupanga nafasi, kisha asubuhi kugundua kwamba mtoto mmoja karukwa na nafasi zote zinatakiwa kuandikwa upya. Kifaa kikikurudishia jioni hizo, na hayo mapumziko uliyoyauliza utayapata.

Kabla ya kuweka chochote, fungua mipangilio ya kishikwambi, nenda sehemu inayoeleza habari za kifaa, uangalie mambo mawili: toleo la Android na nafasi iliyobaki. Vifaa hivi vilinunuliwa kwa ajili ya Sensa ya Agosti 2022, kwa hiyo si vipya tena. Play Store ikikuambia programu fulani haiendani na kifaa chako, usihangaike kuitafuta kwenye tovuti zisizojulikana. Tafuta nyingine inayofanya kazi hiyohiyo. Na kwa kuwa kifaa ni mali ya serikali, mweleze mwalimu mkuu unachokusudia kuweka.

Turudi kwenye jedwali, kwa sababu hapa ndipo nataka ukae nami. Excel ya simu na vishikwambi inaruhusu kuhariri bure kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1, ila inataka akaunti ya Microsoft. Google Sheets inatumia akaunti ya Gmail uliyokwisha kuiweka ulipofungua Play Store, kwa hiyo nakushauri uanze na hiyo. Jambo moja tu usilisahau: ukishatengeneza faili, bonyeza vile vitone vitatu pembeni ya jina lake na uchague lipatikane bila mtandao. Usipofanya hivyo, siku mtandao ukikata utabaki unaangalia jina la faili bila kulifungua.

Mstari wa kwanza uwe wa vichwa. Safu A iwe ya majina, B ya jinsi (andika ME au KE kama kwenye fomu zetu), C mpaka H ziwe za masomo sita kwa mpangilio unaotumika shuleni kwako. Kila somo lina alama 50, kwa hiyo jumla ni 300. Watoto 87 watajaza mstari wa 2 hadi wa 88. Sasa nenda kisanduku I2 uandike:

=SUM(C2:H2)

Hiyo ni jumla ya mtoto wa kwanza. Kwenye J2 weka daraja:

=IF(I2>240,"A",IF(I2>180,"B",IF(I2>120,"C",IF(I2>60,"D","E"))))

Na kwenye K2 weka nafasi:

=RANK(I2,I$2:I$88)

Kisha chagua I2 hadi K2, nakili, na ubandike mpaka mstari wa 88. Kazi imekwisha. Kuanzia hapo, mwalimu wa Kiswahili akikuletea alama zake akiwa amechelewa siku mbili, unaziingiza na nafasi zote 87 zinajipanga zenyewe wakati unaandika.

Iangalie vizuri ile alama ya dola kwenye fomula ya nafasi. Kazi yake ni kuifunga orodha isihame. Ukiiacha, fomula ikishuka mstari mmoja na orodha nayo inashuka mstari mmoja, hivyo kila mtoto anashindanishwa na walio chini yake tu, na mtoto wa mwisho kwenye orodha anatokea kuwa wa kwanza darasani kwa sababu chini yake hakuna mtu. Nimeyaona matokeo ya namna hiyo yakiwa yamekwisha kubandikwa ukutani. Kwa hiyo ukimaliza, chukua watoto watatu, wa juu, wa kati na wa chini ya orodha, uwahesabie kwa mkono. Zikilingana, endelea.

Jambo lingine ni mtoto aliyeumwa akakosa somo moja. Kisanduku kitupu kinahesabiwa kama sifuri kwenye jumla, na mtoto mzuri anashushwa daraja kwa kosa la malaria. Mwondoe kwenye orodha ya nafasi, mwandike chini kabisa baada ya kuruka mstari, na urekebishe ile namba ya mwisho kwenye fomula ilingane na idadi iliyobaki.

Ripoti ya Mratibu Elimu Kata, ile inayotaka wavulana wangapi wana A na wasichana wangapi wana B, nayo imo humohumo. Kwenye kisanduku chochote kitupu pembeni andika:

=COUNTIFS(B$2:B$88,"KE",J$2:J$88,"A")

Badilisha KE iwe ME, badilisha A iwe B, uendelee hivyo mpaka E. Fomula kumi na jedwali la ufaulu kwa jinsi limekamilika. Muhula ujao unanakili faili, unafuta alama tu, fomula zinabaki.

Kuna matumizi mengine ya jedwali ambayo kwa maoni yangu yana faida kuliko hata nafasi, nayo hayafanywi sana. Baada ya jaribio la Hisabati, chagua maswali kumi, fungua ukurasa mpya kwenye faili lilelile, andika 1 kwa aliyepata na 0 kwa aliyekosa. Jumlisha kila safu kwenda chini. Ukiona swali la sehemu limepatwa na watoto 70 na lile la asilimia watoto 19, umeshajua Jumatatu unarudia nini, bila kubahatisha. Ukitaka kulinganisha na nchi nzima, Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikieleza swali gani liliwashinda wengi na kwa nini. Ni faili za PDF, zinapakuliwa bure. Pakua za Hisabati na za Sayansi na Teknolojia za miaka michache ya karibuni uzisome polepole. Sijui andiko lingine linalomfaa zaidi mwalimu wa Darasa la Saba.

Hapo hapo nikukumbushe kwamba alama za watoto ni taarifa zao binafsi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, kuirusha orodha nzima yenye majina kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kunamuumiza mtoto wa 87 bila kumfundisha chochote. Mtumie kila mzazi alama za mwanawe. Weka nenosiri kwenye kishikwambi, na usimpe mtoto wa jirani achezee wakati jedwali liko wazi.

Kwa maandalio ya somo, Google Docs inatosha kabisa. Tengeneza andalio moja tupu lenye vipengele vyote vinavyotakiwa, kisha kila wiki unalinakili na kujaza. Kuna walimu wanaopenda kuandika kwa sauti: kibodi ya Gboard inasikia Kiswahili tangu 2017, na inasikia vizuri usipotafuna maneno, ingawa kwa Kiswahili utahitaji mtandao, kwa hiyo kijijini haitakufaa kila siku. Mitihani ya zamani iliyolala kabatini ikila vumbi ipige picha kwa Adobe Scan, au kwa kitufe cha kuskani kilichomo kwenye Google Drive. Zinageuka PDF safi, kurasa zimenyooka, na maandishi yaliyofifia yanasomeka kuliko kwenye karatasi yenyewe.

Utasikia pia habari za akili unde, Gemini na ChatGPT. Zinaandika Kiswahili kizuri na zinaweza kukutungia maswali ishirini ya mafumbo ya hesabu mara moja. Zitumie kwa rasimu, ukiwa mjini. Lakini kila jibu la hesabu likokotoe mwenyewe kabla halijafika ubaoni, kwa sababu zinakosea kwa kujiamini kabisa. Na majina ya wanafunzi yasiingie humo.

Mifumo ya serikali, kama PEPMIS ya kupima utendaji wa watumishi, iliyochukua nafasi ya OPRAS, na mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) wa kujifunzia kwa ajili ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inafunguka kwenye kivinjari, haina haja ya programu ya ziada. Ifanye siku ya mjini. Maktaba mtandao ya TET ina vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu, na ukishavipakua vinakaa.

Sasa darasani. Niseme wazi kwamba watoto 87 hawawezi kuangalia skrini moja ya kishikwambi, na kipindi kinachojaribu hilo huishia kwenye kusukumana. Kwa darasa lako, ama kishikwambi kinakuwa kituo kimoja kati ya vituo kadhaa ambavyo makundi yanazunguka, ama kinakuwa chombo chako wewe cha kupima uelewa.

Kwa kupima, programu ninayoipenda kuliko zote ni Plickers, kwa sababu inahitaji kifaa kimoja tu, cha mwalimu. Wanafunzi wanashika kadi za karatasi zenye mchoro mweusi wa mirabamiraba. Mchoro una pande nne, na kila upande ni jibu moja: A, B, C au D. Unaandika swali ubaoni, wanafikiri, wanainua kadi zikiwa zimegeuzwa kwa jibu wanalolitaka, na wewe unapitisha kamera ya kishikwambi juu ya darasa. Programu inazisoma kadi zote kwa pamoja na kukuonyesha nani kapata, nani kakosa. Herufi kwenye kadi ni ndogo na kila kadi ina mchoro wake, kwa hiyo kumwigiza jirani hakusaidii.

Kikwazo ni kwamba kadi zinaishia 63, nawe una watoto 87. Gawa kwa madawati. Wakikaa watatu watatu una madawati 29, na seti ya kawaida ya kadi 40 inakutosha na kubaki. Nimekuja kuona kwamba kwa Hisabati njia hii inapita hata ile ya kadi kwa kila mtoto, kwa sababu watoto watatu wenye kadi moja lazima wabishane. Mmoja anasema robo tatu ni kubwa kuliko nne ya tano, mwenzake anachora duara kwenye daftari kumpinga, na wewe unatembea kati ya madawati unasikia kosa liko wapi kabla kadi hazijainuliwa. Chapisha kadi steshenari mjini na uzigundishe kwenye maboksi. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, maana mwanga wa dirishani unaizuia kamera kusoma. Plickers inahitaji mtandao, ingawa data inayokula ni kidogo. Ijaribu kwanza ukiwa peke yako darasani, kwenye kona ambayo mtandao unashika. Toleo la bure lina mipaka yake, lakini kwa maswali matano ya kufungia kipindi halina shida.

Kwa kituo cha kikundi, tafuta PhET. Ni majaribio ya sayansi na hesabu ya kwenye skrini, kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Majaribio mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Programu yao ya kwenye Play Store inauzwa, lakini huihitaji: kwenye tovuti yao kila jaribio lina kitufe cha kupakua, na unapata faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Ushauri wangu ni kuyatumia pale tu ambapo kitu halisi hakipatikani. Somo la wenzo lina rula, penseli na kokoto, na mtoto anajifunza zaidi akiinua kokoto kwa mkono wake. Mkondo wa umeme ndani ya waya hauonekani kwa jicho, na hapo jaribio la Circuit Construction Kit halina mpinzani: mtoto anaunganisha betri, waya na balbu, anaona vitone vikitembea, anakata waya na vitone vinasimama papo hapo. Kikundi cha watoto saba au wanane kwa dakika kumi kinatosha, wengine wakiwa kwenye betri na balbu halisi kama shule inazo.

GeoGebra nayo iweke. Inachora pembe, duara na grafu bila mtandao, na inakusaidia zaidi wakati wa kuandaa michoro ya mtihani kuliko wakati wa kipindi.

Kwa maktaba ya bila mtandao kuna mbili. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa kwa ajili ya sehemu kama yako: unapakua masomo mara moja, kisha vifaa vingine vinayachukua kutoka kwenye kifaa kingine kupitia mtandao wa ndani, bila bando. Humo utakuta hadithi za African Storybook, nyingi kwa Kiswahili, zinazowafaa mno wenzako wa madarasa ya chini. Ya pili ni Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima ndani ya kifaa. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000. Nyingine ni fupi mno, lakini za jiografia, wanyama, nchi na watu mashuhuri zinajibu maswali mengi ya watoto. Ya Kiingereza kamili yenye picha inapita GB 90, hiyo iache, chukua mkusanyiko mdogo. Toleo la Kiwix la Play Store lina kikwazo cha kufungua mafaili uliyopewa na mwenzako. Toleo kamili lipo kwenye tovuti ya Kiwix wenyewe, na hilo ni salama kulichukua huko.

Kama walimu wenzako nao wana vishikwambi, msinunue bando kila mtu. Mmoja anapakua, wengine wanapokea kwa Quick Share, ambayo inapeleka faili kutoka kifaa hadi kifaa bila intaneti. Hilo ni jambo la kuanzia kwenye jumuiya yenu ya ujifunzaji.

Nije kwenye jioni yako.

Kwa kuwa unaimba parokiani, kuna hazina iitwayo Swahili Music Notes, yenye nota za nyimbo za kwaya za Kikatoliki za watunzi wetu. Unatafuta wimbo kwa jina au kwa mtunzi na kupakua nota zake. Pakua za kipindi cha liturujia kinachokuja, uzipange kwenye folda moja, na kishikwambi kikae juu ya kinanda siku ya mazoezi. Ukubwa wa skrini hapo una maana kuliko simu.

Kusoma, weka ReadEra. Inafungua PDF na EPUB, haina matangazo, inakumbuka ulipoishia, na unaweza kukuza maandishi au kugeuza ukurasa uwe mweusi usiku. Vitabu vya Kiswahili vya kidijitali vinavyouzwa kihalali bado ni vichache kuliko tunavyostahili, na PDF nyingi zinazozunguka kwenye makundi zimeibwa. Mwandishi wetu akiuza nakala yake ya kidijitali kwa bei ya soda mbili, mnunulie.

Redio: AntennaPod ni ya bure na haina matangazo. Siku ya mjini unajiunga na vipindi vya idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI, unavipakua, na wiki nzima unasikiliza ukipika au ukisahihisha madaftari. Sauti inakula data na betri kidogo sana ukilinganisha na video, na macho yako yanapumzika, jambo ambalo mwalimu aliyesahihisha madaftari 87 analihitaji kuliko tamthilia.

Ukipenda kushughulisha akili, Lichess ni sataranji ya bure isiyo na tangazo hata moja.

Lakini nikiambiwa nichague programu moja ya mapumziko kwa ajili ya mtu wa kijijini Kigoma, nitachagua Stellarium. Ni ramani ya anga. Toleo lake la bure linafanya kazi bila mtandao, na ninyi huko mna giza la usiku ambalo Dar es Salaam ilishalipoteza kwa taa. Toka nje baada ya chakula, punguza mwanga wa skrini, washa hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza, uelekeze kishikwambi juu. Kinakuandikia nyota gani ni ipi na sayari gani ni ipi: Zuhura magharibi baada ya machweo katika miezi yake, Mshtarii, Zohali yenye pete zake. Vishikwambi vya bei ndogo vingine havina kihisi cha kujua vinaelekea wapi. Kama chako ni hivyo, sogeza anga kwa kidole mpaka lilingane na unachokiona, utazoea.

Itafute Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota kilicho karibu na nyota iitwayo Jicho la Fahali. Wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenye Stellarium unaweza kusogeza tarehe mbele na kuona kwa macho yako kikishuka magharibi mwezi hadi mwezi, kikipotea kwenye mwanga wa jua mnamo Mei, kisha kikichomoza tena alfajiri upande wa mashariki. Nakuambia, ukishaliona hilo mara moja hutalifundisha tena somo la mwendo wa dunia kulizunguka jua kwa kusoma kitabu tu. Waite na watoto wa jirani waangalie. Hiyo ni starehe, na pia ni Sayansi.

Kuhusu programu ya mikopo, jibu langu ni usiiweke. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Nyingi za aina hii zinaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, na ukichelewa siku moja ndugu, wazazi wa wanafunzi na mwalimu mkuu wanaanza kupokea ujumbe wa kukuaibisha. Kifaa chako kina namba za wazazi na taarifa za watoto. Ukiipa programu hiyo ruhusa, unawaingiza na wao kwenye deni lisilowahusu. Shida ya fedha ni ya kweli na siidharau, mshahara naujua. Nenda SACCOS ya walimu, ukae na mtu umuulize riba kwa mwezi na kwa mwaka, na kabla ya kusaini na mkopeshaji yeyote hakiki kama ana leseni ya Benki Kuu. Programu za kubeti nazo ni hivyohivyo, zisikanyage kishikwambi cha kazi.

Utunzaji, kwa haraka. Zima WhatsApp isipakue picha na video yenyewe, maana ndiyo inayomaliza nafasi kuliko kitu kingine chochote. Chaji mchana moja kwa moja kutoka kwenye sola, kivulini. Kishikwambi kilichoachwa juu ya meza chini ya bati la saa saba mchana kinachoka betri haraka. Ukiona kinapata moto, kiache kipoe kabla hujakichomeka.

Siku ya mjini ifuate mpangilio huu, ili mtandao ukikatika katikati uwe umeshapata ya muhimu. Kwanza Google Sheets na Docs, na uhakikishe mafaili yako yanapatikana bila mtandao. Pili taarifa za uchambuzi za Baraza la Mitihani na vitabu vya TET. Tatu kadi za Plickers, uzipeleke steshenari zichapwe wakati unaendelea na mengine. Nne majaribio mawili matatu ya PhET. Tano ReadEra, nota za kwaya na Stellarium. Vipindi vya redio viache vipakuliwe mwisho, wakati unakula. Kolibri na Kiwix ziwe za safari ya mwezi ujao. Ukiziweka zote siku moja hutazitumia hata moja. Na kila ukipata mtandao, fungua Sheets dakika chache ili nakala ya jedwali ipande kwenye akaunti yako, kusudi kifaa kikianguka mtoni alama ziwe salama.

Ukikwama kwenye fomula, niandikie fomula yenyewe kama ulivyoiandika, herufi kwa herufi, pamoja na namba iliyotokea. Majina ya watoto yafute kabla ya kutuma.